Kiti cha Mama Mkwe

Mtu akienda kwa Mbithe kutaka kiti, swali la kwanza halikuwa la urefu wala la upana. Aliulizwa hivi:

"Na siku wewe hupo, nani atakikalia?"

Wengine walicheka. Wengine walinuna. Dereva mmoja wa Jericho alisema amekuja kutafuta kiti, hakuja kutafuta jeneza, akashika njia. Mbithe hakumfuata.

"Mwacheni," alisema. "Huyo anataka kiti cha Krismasi hii tu. Aende kwa watu wa sponji."

Watu wa sponji walikuwa ng'ambo ya barabara. Miaka hiyo ya tisini kila nyumba ya Eastlands, Nairobi, ilitaka sofa iliyovimba, yenye mahameli mekundu na vitambaa vya kufuma mgongoni. Zilipendeza, uongo wa nini. Lakini zikikaliwa mwaka mmoja sponji ililala, misumari ikalegea, na mtu akigeuka kidogo sofa ililia kama paka aliyekanyagwa mkia. Basi ikapasuliwa kuni, ikanunuliwa nyingine.

Mbithe alizaliwa Kitui. Babu yake alikuwa na kigoda cha miguu mitatu, kimechongwa kwa kipande kimoja cha mti, na usoni kimepambwa kwa waya wa shaba, duara ndani ya duara. Hakuna mwingine aliyekikalia. Babu alipokwenda, baba akakikalia, na watu wakaanza kumsalimia baba kwa sauti ile waliyomsalimia babu. Mbithe alikuwa mtoto lakini hilo aliliona. Akajua kiti si mbao tu.

Alipokuja Nairobi alifanya kazi ya yaya kule Ngara, kwa familia ya Wahindi. Kulikuwa na kiti cha bibi yao wa zamani, kilichokuja kwa meli. Kila asubuhi alikipangusa vumbi, kwenye maua yake, kwenye kucha za miguu yake ya simba, mpaka vidole vikakijua kuliko macho. Hakuwahi kukikalia. Alipoacha kazi ile hakuondoka na hata kijiko, ila kiti kizima alikuwa nacho kichwani.

Mumewe, Nyamai, alikuwa seremala. Mtu wa maneno machache. Mbithe alisema ya wote wawili na ikatosha. Walikuwa na kibanda cha mabati karibu na soko la Jericho, sakafu ya saruji. Pale sakafuni ndipo Mbithe alipochora. Hakujua kusoma, hakujua karatasi ya ramani. Alipiga magoti na chaki, akachora kiti kwa ukubwa wake wa kweli, miguu, mgongo, mikono, kila kitu, na mteja akaambiwa alale juu ya mchoro aone kama unamtosha. Mabibi wazima walilala pale na viatu vyao vya kanisani. Soko zima lilikuja kucheka.

Kisha mchoro ulilala. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao. Nyamai hakugusa msumeno siku ya kuchora. Asubuhi Mbithe aliingia kwanza, akatazama chini, na kama bado alikipenda alisema, "Kata." Kama hakukipenda alichukua ufagio. Saruji ile ina weupe wa chaki kwenye nyufa mpaka leo. Haioshwi.

Na msumari haukuingia kwenye kazi yao. Ubao mmoja ulichongwa ulimi, mwenzake ukachongwa tundu, ulimi ukaingia tunduni, ukakazwa kwa kabari ya mti. Nyamai akiulizwa kwa nini, alijibu, "Msumari una kutu." Akarudi kwenye randa yake.

Basi siku moja alikuja Triza na mtoto mgongoni. Triza alikuwa mtoto wa Nabiswa, yule mama aliyestaafu kiwanda cha sabuni, akaishi hapo Jericho kwa mwanawe wa kiume. Mbithe alimjua Triza tangu akiruka kamba.

"Mama Ndete, shikamoo," alimwambia Mbithe.

"Marahaba. Mgeuze huyo nimwone. Ee! Anaitwa nani?"

"Muhonja. Ni jina la nyanyake Javan."

"Muhonja, karibu duniani. Sasa mama yake mbona amebeba uso kama debe la maji?"

Triza akakaa juu ya gogo. Akasema yote. Alikuwa anashona nguo kwenye kiwanda kilicho nyuma ya Mukuru kwa Njenga, na likizo ya kuzaa ilikuwa inaisha. Yeye na Javan mumewe walikaa hapo hapo Mukuru, chumba kimoja, ili saa ya chakula aweze kukimbia nyumbani kunyonyesha. Mtu wa kubaki na mtoto alikuwa mmoja tu aliyemwamini, mama yake. Na mama yake alikataa.

"Anakataa mjukuu?"

"Hakatai mjukuu. Anakataa nyumba. Javan ni mtu wa shifti ya usiku, mchana yuko pale. Mama anasema mama mkwe na mkwe hawakai ana kwa ana, na chumba chenyewe ukinyoosha mguu umempiga mwenzako. Anasema atageukia wapi?"

"Si mna pazia?"

"Pazia la kitanda. Nilimwambia tuongeze lingine. Akasema pazia lina pumzi, mlango ukifunguliwa linamuumbua. Mama Ndete, nisiporudi kazini wanaandika mtu mwingine. Hawangojei."

Mbithe hakucheka. Kwao Kitui heshima hiyo ilikuwa hiyo hiyo. Mama yake mwenyewe alikuwa akimwona Nyamai njiani anaingia kwenye shamba la watu, hata kama lina matope.

"Yeye anataka nini hasa?" aliuliza.

"Anasema yeye ni mama mkwe. Hawezi kukaa kwenye mtungi wa plastiki wa maji kama mtoto. Anataka mahali pake."

"Basi nitamfanyia kiti. Mama yako atakaa kwako. Nimesema."

Nyamai aliinua macho kutoka kwenye randa. Neno "nimesema" mkewe hakulitoa ovyo.

Walikuwa na mbao za mvule zilizotoka kwenye mabenchi ya kanisa moja la zamani lililopanuliwa. Zilikaa juu ya dari ya kibanda miaka na miaka. Watu walizitaka, Mbithe akawanyima, akisema zinangoja mtu wa kuzistahili. Sasa zikashuka. Akachora kiti kipana chenye mikono, miguu yake ikikunja kucha kama ile ya Ngara, na juu ya mgongo duara za waya wa shaba kama za kigoda cha babu. Mchoro ukalala. Asubuhi akasema, "Kata."

Kilipokwisha hata watu wa sponji walivuka barabara kuja kukiona. Kilipakwa nta ya nyuki mpaka mtu angejiona uso. Mbithe akampelekea Nabiswa salamu aje akitazame. Naye Javan akaambiwa aje na mkokoteni akibebe.

Hapo ndipo alipokosea. Aliwaita wote wawili siku ile ile.

Javan alitangulia. Kijana mrefu, mwenye adabu, macho mekundu kwa shifti.

"Mathe, sasa. Mzee, habari ya kazi. Aisee!" Akakizunguka kiti. "Hii kitu iko fiti. Lakini itambeba mama mkwe? Ni mzito kidogo. Sisemi kwa ubaya."

"Kitawabeba wewe na yeye na mkokoteni," Mbithe alisema akiwa ameinama kutafuta kamba.

"Wacha nihakikishe. Isije ikamwangusha mama wa watu nikaambiwa ni mimi."

Akakaa. Akajitikisa. Akaegemea nyuma, akanyoosha miguu, na kwa vile alikuwa hajalala, macho yakamfumba yenyewe.

Na Nabiswa akatokea mlangoni.

Alikuwa amevaa nguo ya kanisani na kilemba cha manjano. Akamwona mkwe wake amelala kwenye kiti chake, mdomo wazi. Nabiswa akavuta leso usoni, akageuka pale pale kama gari lililokosa njia, akaondoka upesi kuliko umri wake. Mbithe akamkimbilia mpaka penye wauza ndizi.

"Mama Triza, ngoja!"

"Heshima si utumwa, Mama Ndete, lakini si mchezo pia." Nabiswa alisema bila kugeuka. "Kiti amekalia mume wa mtoto wangu, mimi nikalie joto lake? Kwetu watasema nini?"

"Kijana alikuwa anakijaribu tu."

"Amekijaribu mpaka akakoroma!"

Wauza ndizi wakaangua kicheko. Nabiswa naye pembe ya mdomo ilimchezacheza, Mbithe aliona. Lakini hakurudi.

Javan kule kibandani alikuwa amesimama kama mtu aliyevunja kioo cha kanisa. "Mathe, sikufikiria. Si nipige tu msasa?"

"Msasa hautoi hilo," Mbithe alisema. "Wewe unapokaa nyumbani, unakaa wapi?"

"Kitandani. Ama kwa mtungi."

"Hakuna kiti?"

"Kiti cha wapi, Mathe?"

Mbithe akajipiga paja. Yeye alimuuliza kila mteja nani atakikalia kiti kesho kutwa. Hakuuliza nani angekikalia leo hii. Kiti kikiwa kimoja katika chumba, na mwanamume akirudi kutoka kazini amechoka, atakikalia tu. Hata kama asingekikalia pale kibandani, angekikalia kule. Kosa halikuwa la Javan. Lilikuwa la chaki.

Kesho yake akaenda Mukuru mwenyewe kwa miguu, akachukua na leso ya kupimia. Alikuwa na mafundo kwenye leso, kila fundo lina kazi yake. Akapima mlango, ulikuwa mwembamba. Akapima kutoka kitandani mpaka kwenye jiko. Kisha akakaa juu ya mtungi, akamweka Muhonja mapajani, akafikiri. Mtoto akamkojolea. Akaendelea kufikiri.

Akakumbuka siku aliyofika Nairobi mara ya kwanza. Alikaa stesheni ya reli akimngojea Nyamai. Mabenchi ya pale yalikuwa ya zamani, mazito, ya watu kukaa mgongo kwa mgongo, na katikati ubao mmoja mrefu wa kuegemea pande zote mbili. Nyuma yake aliketi mama fulani. Mbithe hakumwona uso hata mara moja. Lakini walizungumza! Walizungumza habari ya mvua, na mahari, na dawa ya tumbo la mtoto, mpaka Nyamai akafika. Na Mbithe alikuwa bibi arusi mwenye haya, hakuweza kumtazama mtu machoni. Kwa mgongo aliweza.

Akasimama ghafla. Triza akadhani ameumwa na kitu.

"Triza, mama yako hakatai kumsikia mkwe. Anakataa kuonana naye. Au sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi!"

Alirudi Jericho karibu mbio. Akafagia sakafu. Akachora benchi moja la pande mbili. Upande mmoja unatazama mlango, jiko na kitanda cha mtoto. Upande wa pili unatazama kitanda cha wakubwa na dirisha. Katikati mgongo mrefu, umeziba, usio na tundu hata la sindano. Urefu wa mgongo aliupima kwa Nabiswa aliyekaa, kisha akaongeza kilemba.

"Na kilemba cha Jumapili," alisema peke yake, akaongeza tena.

Mchoro ukalala. Asubuhi akautazama. Akatazama na kile kiti kizuri kilichokwisha, kinang'aa pembeni.

"Hatuna mbao nyingine," alimwambia Nyamai.

"Kimekwisha hicho."

"Kimekwisha vibaya, baba Ndete."

Nyamai alikizunguka kiti polepole. Akashika mkono wake mmoja kama anayemwamkia mtu. Akachukua nyundo ya mti, akagonga kabari ya kwanza. Ikatoka. Akagonga ya pili. Kiti kikafunguka kipande kwa kipande, hakikupasuka popote, hakikupata jeraha. Mbithe alisimama kando na mkono mdomoni. Cha msumari kingekuwa kuni saa hiyo.

"Kata," alisema.

Mbao alizokalia Javan ziliwekwa upande wa Javan. Kwa upande wa Nabiswa Mbithe alitaka kitu ambacho hakijaguswa na mkwe wa mtu yeyote. Akaenda Kiamaiko kwenye soko la mbuzi, akachagua ngozi yeye mwenyewe, akabishana na wachinjaji mpaka mmoja akamwambia, "Mama, chukua tu uende, umetuchosha." Ngozi ikalowekwa, ikakatwa mikanda, na Mbithe akaisuka mahali pa kukalia, kama kitanda cha zamani cha kwao. Duara za shaba akazitia pande zote mbili za mgongo, zikitazamana bila kuonana.

Siku ya kupeleka, benchi lilipita mlango wa Mukuru likiwa vipande, likaunganishwa ndani. Majirani walijaa nje. Mmoja akauliza kama ni madhabahu. Nyamai akapiga kabari ya mwisho, akapangusa jasho, akatoka.

Javan akaambiwa akae upande wake kwanza, atazame dirisha, asigeuke hata nyumba ikiungua. Akakaa wima kama mtu anayepigwa picha.

"Hodi," Nabiswa akasema nje.

"Karibu, mama," Triza akajibu.

Nabiswa akaingia. Akatazama mgongo wa benchi. Akauzunguka kidogo kwa macho, akitafuta kosa. Akainama, akachungulia chini, akaona chini nako kumezibwa. Akabonyeza mikanda ya ngozi kwa ngumi.

"Hii ni mpya?"

"Mpya," Mbithe alisema. "Mbuzi wake mwenyewe ndiye wa mwisho kuikalia."

Nabiswa akakaa. Mikanda ikalia kidogo, ikatulia. Akajisogeza. Akajisogeza tena. Triza pembeni alikuwa ameshika mkono wa Mbithe kwa nguvu za kumvunja.



"Triza," Nabiswa akasema mwishowe, akitazama jiko. "Muulize huyo mtu wa upande wa pili, ameamkaje."

"Javan, mama anauliza umeamkaje."

"Mwambie nimeamka salama, namshukuru kwa kuja."

"Mama, anasema—"

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Muulize kama anakula."

"Mwambie nakula."

"Mwambie hakuli. Nimemwona pale Jericho, shingo kama ya mbuni."

Nje kicheko kilipasuka. Javan naye akacheka, na benchi likatikisika, na mtikisiko ule ukapita kwenye ubao ukamfikia Nabiswa mgongoni. Akashtuka. Kisha akaegemea vizuri, kwa uzito wake wote, akanyoosha mikono.

"Haya, leteni mtu wangu."

Triza akamletea Muhonja.

Jumatatu Triza akarudi kiwandani. Siku hiyo Mbithe alikwenda tena Mukuru na kopo la nta, maana mvule hutaka kupakwa mara ya pili ukishakaliwa. Alifika karibu na saa ya chakula. Kabla hajapiga hodi akasikia ugomvi ndani.

"Ile haikuwa penalti!"

"Mama, ilikuwa penalti. Redioni walisema."

"Redio iliona nini? Mimi nimeshabikia timu yetu ya Ingwe kabla wewe hujazaliwa. Nilikuwa uwanjani, nimepanda juu ya ukuta!"

"Ukuta, mama? Wewe?"

"Mimi! Muulize marehemu babake Triza."

Hakukuwa na Triza wa kubeba maneno katikati. Yalikuwa yanavuka yenyewe. Mbithe akachungulia. Nabiswa alikuwa amekaa upande wake, kilemba kimeshuka sikioni, mtoto amelala kifuani. Upande wa pili Javan, macho dirishani, anapiga goti kwa kiganja akibisha.

Mbithe hakuingia. Akasimama na kopo lake la nta, akacheka peke yake mpaka mwanamke wa jirani akamuuliza kama yuko sawa.

Ndipo akamwona Triza. Alikuwa anakuja kwenye njia ya kutoka kiwandani, mbio, viatu mkononi, blauzi imelowa maziwa, uso umejaa hofu ya mtu aliyeacha moto bila mwangalizi. Akaruka mtaro. Akakaribia mlango. Akasikia.

"Na Jumapili tutawafunga mawili!"

"Matatu, mama. Weka matatu."

Triza akasimama. Akatazamana na Mbithe. Akavaa viatu vyake, kimoja, kisha kingine. Akakung'uta sketi. Halafu akaenda nyumbani kwake akitembea.